Kanzu ya Rajabu

Kila Idd, vijana wa mtaa mzima walivaa kanzu zilizoshonwa na Bi Ramla. Lakini Rukia, mwanawe, alipomwomba yake na kumwambia, "Mama, mimi ni mvulana, niite Rajabu," mama yake alimshonea gauni. Mtoto akahamia kwa shangazi yake.

Miaka mitatu baadaye Bi Ramla alimpigia simu. "Rajabu mwanangu, njoo. Kanzu yako iko tayari."

Alikuja, akaivaa. Mikono ikaishia chini kidogo ya viwiko.

"Mama, hivi si vipimo vya lile gauni?"

"Sina vingine, baba."

Rajabu akamgeuzia mgongo, akanyoosha mikono apimwe. Bi Ramla akainua futi, lakini mkono wake ukabaki hewani, hauthubutu kuyagusa yale mabega mapana asiyoyajua.