Sumaku za Sauti Ndogo

Fundi Ngonyani aliweka mezani jozi mbili za sumaku, zile zinazokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme na kudaka sauti.

"Chukua hizi kali, mzee wangu. Ukigusa tu, ukumbi mzima unajua upo. Nasikia sasa solo unapiga wewe."

Mashauri aliitikia kwa kichwa. Miaka ishirini na sita alipiga ridhimu nyuma ya solo la Shemweta, na hii ilikuwa wiki ya tatu tangu wamzike.

Fundi alipozifunga zile kali, alizijaribu. Alipiga mapigo yake ya siku zote, akanyamaza pale Shemweta alipozoea kumjibu. Spika ikaendelea kuvuma, ikalijaza pengo lote.

"Niwekee zile nyingine."

"Hizo zimepoa mno! Utafunikwa na ngoma."

"Niwekee, fundi. Nimechoka kubishana."

Fundi akazichomelea kwa shingo upande. Mashauri akapiga tena, taratibu, akafika pale pale, akatua. Sauti ikafa upesi. Kimya kikaingia, safi.

"Mbona huendelei?" fundi aliuliza.

Mashauri alikuwa amerudi hatua moja nyuma, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.