Tikiti Chini ya Mlango

Mzee Shekue aliweka tikiti maji chini ya mlango wa umeme wa banda la gari, akabonyeza rimoti. Mlango ulishuka taratibu, ukaligusa tikiti, ukalipasua.

"Si ulisema umeutengeneza?" Namvua, mkewe, aliuliza.

Mwezi uliopita mlango ulikuwa unakataa kujifunga. Mzee Shekue akayang'oa macho mawili ya mlango, vile vihisi vinavyouzuia usishuke kitu kikikatiza kati yao, akayafunga kwa utepe juu ya rafu yakitazamana, ili mlango udhani njia ni wazi daima. Akaongeza na nguvu ya mota. Tangu hapo haukukataa tena, naye akajisifu mtaa mzima.

"Macho ni mazima," alisema. "Yanaonana yenyewe tu."

"Basi yarudishe chini, fundi wangu. Mjukuu wetu, mwana wa Mkunde, anatambaa, na wako njiani kuja."

Honi ililia getini. Mzee Shekue aliupandisha mlango, akachomoa waya wa umeme ukutani, akapunguza nguvu ya mota, kisha akapiga magoti na bisibisi.

Mtoto alipofika akitambaa juu ya maji ya tikiti, jicho la kwanza lilikuwa limeshafungwa mahali pake, karibu na kimo cha uso wake. Alilitazama kwa muda, akanyoosha kidole, akaliziba.