Vifaranga Wasiosikia Baridi

Masika yaliyopita baridi ilimuulia Kuku vifaranga wanne. Alipotaga tena, alimwendea Buibui, fundi wa nyuzi za urithi zilizomo ndani ya yai.

"Fundi, wafanye wanangu wasisikie baridi kabisa."

"Bi Kuku, uzi mmoja hushika mwingine. Nikiuvuta huu, sijui utakuja na nini."

"Wewe vuta tu! Umewahi kuzika mtoto, wewe?"

Buibui akavuta.

Vifaranga sita wakaanguliwa, wote wazima. Mvua ya kwanza iliponyesha, Kuku alitandaza mbawa akawaita. Hakuja hata mmoja. Walikuwa wakicheza madimbwini.

"Njooni, mtashikwa na baridi!"

"Baridi ndiyo nini, mama?"

Kuku akabaki ametandaza mbawa mvuani. Chini yake palikuwa pakavu, na hapakuwa na mtu.