Vigae vya Mama

Chungu cha Sikudhani kilipasuka tena motoni, na safari hii kilivunja na viwili vya jirani zake. Wafinyanzi wa mtaa ule huchoma pamoja, kwa moto mmoja, kwa hiyo hasara ya mmoja huliliwa na wote.

"Udongo mpya haustahimili moto peke yake, mwanangu," alisema Bi Somoe, mfinyanzi mkongwe, akifukua majivu. "Twanga vigae vya chungu cha zamani, uchanganye."

"Sina cha zamani."

Wote walijua anacho. Chungu cha marehemu mama yake kilivunjika siku ya matanga, naye alikiokota kipande kwa kipande, akakifunga kwenye kanga.

Sikudhani alivitazama vyungu vya jirani vilivyovunjika majivuni. Kisha aliingia ndani, akatoka na lile furushi, akapiga magoti mbele ya kinu. Kigae kimoja kilikuwa bado na alama ya kidole gumba. Aliweka gumba lake pale. Likaenea sawasawa.

Bi Somoe alishika mchi wa pili, akasubiri.

"Anza wewe. Ni mamako."

Sikudhani akakitia kinuni kigae kile kile, kabla ya vingine vyote, akainua mchi.