Kufuli la Kijiko

"Anayetaka kulikata hili kufuli aanze na shingo yangu," alisema Msumari, akajikalisha juu ya vali kama kuku anayeatamia.

Msimamizi alisimama mbele yake na mkasi mkubwa wa kukatia vyuma. Kiwanda kizima kilikuwa kimesimama, simu za wakubwa hazikatiki, na kisa ni kufuli moja dogo la bluu.

Utaratibu wa pale hata mlevi angeuelewa. Kabla mafundi hawajashuka shimoni kutengeneza pampu, vali inayoleta maji kutoka mtoni inafungwa, gurudumu lake linapigwa mnyororo, na kila fundi anatia kufuli lake. Ufunguo ni mmoja tu, anao mwenyewe mfukoni. Kazi ikiisha, kila mtu anatoa lake. Kufuli likibaki, hesabu mtu yuko chini. Ukifungua vali, umemzamisha.

Asubuhi ile walishuka wanne. Wakati wa chai, Kijiko akasema, "Tangulieni, mimi namalizia boliti hizi." Walicheka, maana jina hilo alipewa kwa kutopitwa na chakula cha mtu. Waliporudi hawakumkuta. Simu yake haipatikani. Mlinzi wa getini, aliyekuwa akihangaika na malori ya mzigo, aliapa hakumwona akitoka. Na kufuli lake linaning'inia palepale.

"Ameingia bombani kuangalia takataka," alisema Msumari. "Namjua, hana subira. Amekwama humo, au amezimia."

"Au amelala mahali," alisema fundi mmoja, akatoa kufuli lake. Wa pili naye akatoa, macho chini. "Sisi tuna watoto, Msumari. Tutafukuzwa kazi."

Ilimuuma kuliko kupigwa. "Mmekula naye sahani moja, leo mnamuuza mchana kweupe! Wasaliti wakubwa nyie!"

Waliondoka wamefuatana, wakamwacha na msimamizi na mkasi wake.

Kijiko alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Kapera asiye na jiko, kila jioni yuko mezani kwa Msumari anamtania mkewe: "Shemeji, leo umenipunja!" Juzi tu, wakifunga vali nyingine, alimshika bega. "Kaka, siku nikipotelea huku chini, usimwache mtu akate kufuli langu."

"Likatwe mimi nipo? Thubutu!"

Basi alikaa. Bomba lilihitaji kupulizwa hewa safi kabla mtu hajaingia, na feni ilikuwa moja, tena ya kubembeleza. Mchana alimpigia mkewe. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kelele za magari.

"Nipo sokoni," mkewe alisema.

Akamweleza kwamba shemeji yake hajulikani alipo, na kwamba wenzao wote wamemkimbia.

"Usimwache mwenzako," alisema mkewe. "Kaa hapohapo mpaka aonekane. Hata ukichelewa, mimi sitakasirika."

Msumari nusura alie. Dunia nzima imemgeuka Kijiko, kasoro yeye na mke wake.

Jua lilikuwa limeanza kushuka msimamizi alipokubali bomba lipekuliwe. Kamba kiunoni, taa kichwani, Msumari aingie mwenyewe. Akitoka mikono mitupu, kufuli likatwe.

Alitambaa kwa tumbo kwenye tope, huku akiita, "Kijiko! Kijiko, ndugu yangu!" Mkono ukigusa kitu laini, moyo unalipuka. Kimoja kilikuwa gunia. Kingine mzoga wa paka. Alisonga mpaka akagusa mlango wa vali, chuma baridi, na nyuma yake mto mzima. Hapakuwa na mtu.

Alitoka ananuka, analia na kucheka kwa pamoja. "Hayumo! Jamani, hayumo! Kijiko yu hai!" Alimkumbatia msimamizi, tope na yote. Kisha akatoa kufuli lake, akauomba mkasi, akalikata la rafiki yake kwa mkono wake mwenyewe. Vali ikafunguliwa, maji yakanguruma.

Habari kama hiyo hailali. Alimpigia mkewe, hapatikani. Akampigia mama mwenye nyumba.

"Mama, tafadhali mwambie mke wangu asiwe na wasiwasi. Shemeji yake hajafa!"

"Afe? Kwani anaumwa?" mama alishangaa. "Si amekuja na gari leo asubuhi, wakapakia vyombo na mkeo? Wameniaga vizuri kabisa. Hongera kwa nyumba mpya, mwanangu. Kimebaki kitanda tu, wamesema utakuja nacho wewe."