Zamu ya Shebe

Nguchiro hulinda kichuguu chao kwa zamu, ila Shebe zamu yake hakumwachia mtu. "Nikilala mimi, nyoka ataingia," alisema, macho mekundu. Kadiri alivyokesha, ndivyo kila uso ulivyomtisha. Hata watoto waliomchekea aliona wanamtolea meno.

Dada yake, Mwanasha, akamwonea huruma. Akapanda kichuguu akitabasamu. "Kaka, shuka ukalale. Leo nitalinda mimi."

Shebe hakuyasikia maneno. Aliona meno tu. Akamrukia, akamng'ata kooni mpaka akatulia.

"Huyu amekwisha," akajisemea, na kwa kuwa adui amekufa, akajilaza papo hapo ubavuni pake, akalala fofofo.

Alipoamka, akili zimemrudia, aliutazama ule uso. Ulikuwa bado unatabasamu.