Kiuno cha Hakimu

Asubuhi nzima mpira wa gofu wa hakimu mstaafu Kaduma ulibingirika hatua kumi tu na kusimama. Kesho angecheza na mkwewe, na mkwewe huyo hakujua kunyamaza.

Bi Sijali, aliyekuwa akifyeka nyasi pembeni, uvumilivu ukamwisha. "Mheshimiwa, unapiga kwa mikono tu. Kiuno umekiacha nyumbani?" Akampa fyekeo. "Hebu fyeka mpaka kwenye kile kigingi cheupe."

Akafyeka. Mwanzoni mabega yaligoma, kisha kiuno kikaanza kugeuka chenyewe na nyasi zikalala.

"Sasa shika fimbo yako. Usifikiri."

Akapiga. Wote wawili wakakinga macho kwa viganja. Mpira ulikuwa bado unapanda, naye hakimu ameshanyoosha mkono kumwomba Bi Sijali fyekeo tena.